Habari za bandani na dau la farasi: ni ujuzi, ni hiana, au yote ni kamari tu?

Mtu wa Chake anauliza:

Assalaam alaykum wana baraza.

Kuna suali limetugawa hapa Chake Chake na halijapata mwenyewe. Vijana wetu kadhaa wako Ghuba, wengine Nairobi, wanatunza farasi wa mbio. Kijana anayemlisha farasi alfajiri ndiye wa mwanzo kujua kama kala chakula chote au kabakisha, kama mguu una joto au haujambo. Tuseme kijana huyo akampigia nduguye simu: "Leo yule wanayempa nafasi wote hayuko sawa." Ndugu akaweka dau kwa farasi mwengine kwenye mtandao, akala pesa.

Barazani kuna mafungu matatu. La kwanza linasema hakuna ubaya, ni sawa na mvuvi ajuaye mwamba wenye samaki, hana deni la kumtangazia kila mtu. La pili linasema huo ni wizi wa mchana. La tatu wanacheka tu: dau lenyewe haramu, halafu mnatafuta adabu za kulila?

Nataka majibu ya wanaojua, si ya wanaokisia. Pesa ile inapoliwa, nani hasa anaumia? Kanuni za mbio zenyewe zinasemaje? Na upande wa dini, mbona mbio za farasi na zawadi zake zimo kwenye hadithi, mpaka wa halali uko wapi? Suali si la mbali, maana kuna watu huku wanataka kuandaa resi za punda baada ya Idi, na punda hata hajafungwa lijamu washaanza kuulizana habari za dau.

Hesabu za Forodhani:

Waalaykumu salaam. Nashika lile la nani anaumia. Fungu la kwanza hudhani pesa imetoka kwa kampuni tajiri, kwa hiyo hakuna wa kumsikitikia. Hapo inategemea dau linachezwa kwa mfumo gani, na mifumo mikubwa ni miwili.

Kuna mfumo wa kapu. Pesa zote za wachezaji hutiwa pamoja, mwenye mchezo anakata asilimia yake, kinachobaki wanagawana waliomchagua farasi aliyeshinda. Hong Kong na Ufaransa ndivyo wanavyocheza. Chukua kapu la shilingi 1,000,000, makato asilimia 20, zimebaki 800,000. Farasi A kawekewa 400,000, B 250,000, C 200,000, D 150,000. Akishinda B, kila shilingi iliyowekwa kwake inarudi 3.20.

Sasa watu wenye habari za bandani, wanaojua kuwa A anachechemea, wanatia 100,000 kwa B dakika ya mwisho. Kapu limekuwa 1,100,000, baada ya makato 880,000, na fungu la B limefika 350,000. B akishinda kila shilingi inarudi 2.51 tu. Wale waliomchagua B mapema kwa akili zao wenyewe walikuwa wapate 800,000, sasa wanapata kama 628,600. Wamepungukiwa 171,400. Wenye habari wameondoka na faida ya 151,400, na zile 20,000 zilizobaki amezila mwenye mchezo, kwa sababu kapu likikua na makato yake yanakua. Hakuna hata senti iliyotoka kwa kampuni. Imetoka kwa mchezaji mwenzao ambaye tena alikuwa amechagua sawasawa!

Mfumo wa pili ni wa odi za kampuni, yaani kampuni inataja kabla kila shilingi itarudi mara ngapi farasi akishinda. Hapa kweli kampuni ndiyo inayolipa, lakini angalia inavyojikinga. Odi za farasi wanne zikiwa 2.00, 3.50, 5.00 na 8.00, gawa 1 kwa kila odi: asilimia 50, 28.6, 20 na 12.5. Jumla ni 111.1. Hiyo 11.1 iliyopita 100 ndiyo riziki ya kampuni. Pesa ya wenye habari ikianza kumiminika kwa B, kampuni inashusha odi ya B kutoka 3.50 hadi tuseme 2.80, na kumpandisha A kutoka 2.00 hadi 2.40 ili apate wanunuzi. Mtu wa kawaida anayefungua simu dakika tano baadaye anamwona A kwa 2.40, anasema leo kuna cha bure. Kauziwa farasi kiwete kwa bei ya kurusha roho. Kampuni imepata wa kubeba mzigo, na ikimtambua mwenye habari inampunguzia kiwango cha dau hadi senti au inafunga akaunti yake.

Kwa hiyo katika mifumo yote miwili, mwenye kuumia hasa ni mchezaji asiyejua. Tofauti ni kwamba kwenye kapu anaumia papo hapo na kwa hesabu kamili, na kwenye odi anaumia kwa kuzungushiwa.

Mfano mkubwa wa kapu kuibiwa kutoka ndani ulikuwa Marekani mwaka 2002, mbio za Breeders' Cup, dau la kubashiri washindi wa mbio sita mfululizo. Mtu hakuwa na habari za farasi hata mmoja. Alikuwa fundi wa programu kwenye kampuni ya mitambo ya dau. Kwa utaratibu wa siku zile, tiketi za vituo vya nje hazikupelekwa kwenye mtambo mkuu mpaka mbio nne za mwanzo ziishe. Basi alisubiri ziishe, akaibadilisha tiketi ya mwenzake iwe na washindi wanne wanaojulikana, na mbio mbili zilizobaki wakachukua farasi wote. Kilichowaumbua ni kushinda kupita kiasi. Mbio ya mwisho alishinda farasi wa odi ya 43 kwa 1 (yaani dola moja inaleta faida ya 43), Volponi, na tiketi zote zilizofaulu zikawa zao peke yao, zaidi ya dola milioni 3. Mtu anayechagua farasi mmoja mmoja kwa uhakika mara nne, kisha ghafla anachagua wote mara mbili, lazima aulizwe. Malipo yalizuiwa na wote watatu wakakiri mahakamani.

Kigwe:

Mwenzangu kamaliza hesabu, mimi nishike farasi na kanuni.

Kwanza tujue habari za bandani ni nini. Farasi wa mbio aliye mazoezini hula nafaka kama kilo 5 hadi 7 kwa siku. Akibakisha kwenye ndoo asubuhi baada ya mazoezi makali, hiyo ni habari. Joto la mwili likipita 38.5, ni habari. Mtunzaji akipitisha kiganja nyuma ya mfupa wa chini ya goti la mbele, kwenye kano, akahisi joto upande mmoja kuliko mwengine, hiyo ni habari kubwa kuliko zote, maana kano ndizo zinazomaliza farasi. Akimtembeza mwendo wa kudunda juu ya sakafu ngumu, farasi anayeumwa mguu wa mbele hunyanyua kichwa kila mguu mbovu unapogusa chini. Yote haya anayaona kijana wa banda kabla mwenye farasi hajaamka.

Kuzijua si kosa popote. Anazijua kwa sababu ndiyo kazi yake. Kosa linaanza katika anachofanya nazo, na hapa kanuni za Uingereza zimechora mstari ambao watu wengi hawautarajii. Joki, yaani mpanda farasi wa mbio, haruhusiwi kubeti kabisa. Mwenye farasi, mkufunzi na watu wa banda wanaruhusiwa kuweka dau kuwa farasi wao *atashinda*. Wanachokatazwa ni kuweka dau kuwa *hatoshinda*, na kumpa mtu mwengine habari za ndani kwa malipo au fadhila.

Kwa nini mstari uko hapo? Kwa sababu kumshindisha farasi ni kazi ngumu, hata ukitaka huwezi kuwa na hakika. Kumshindwisha ni rahisi mno. Ndoo moja ya maji nusu saa kabla ya mbio ni kilo 10 na zaidi zinazoogelea tumboni, haina dawa ndani yake, na daktari wa kupima damu haoni kitu. Joki akitaka, anachelewa kidogo kutoka getini, au anamzungusha kona kwa nje. Kona ya nusu duara, kila mita moja unayokwenda nje inakuongezea mita 3.14 za kukimbia, na urefu wa farasi mmoja ni kama mita 2.4. Mita mbili tu nje, umeshapoteza zaidi ya urefu wa farasi wawili, na aliyekaa jukwaani anaona farasi kachoka tu.

Zamani kumshindwisha farasi wako kulikuwa na faida ndogo, labda uweke dau kwa mpinzani na huyo mpinzani naye ashinde. Tangu mwaka 2000 ilipokuja Betfair, soko la mtandaoni ambapo mtu na mtu wanawekeana dau, mchezaji yeyote anaweza kukaa upande wa "hatoshinda". Ndoo ya maji ikapata bei. Ndiyo maana kanuni zile zikakazwa, na sheria ya kamari ya Uingereza ya 2005, kifungu cha 42, inafanya udanganyifu kwenye kamari kuwa jinai yenye kifungo hadi miaka miwili, uwe umekula pesa au hukula.

Sasa kijana wa Mtu wa Chake. Kama yuko Dubai, uwanja wa Meydan hauna dirisha la kubeti. Dubai World Cup inakimbiwa tangu 1996, pesa za zawadi ni mamilioni ya dola, na mtazamaji hupewa mashindano ya bure ya kubashiri. Lakini mbio zilezile zinabetiwa Uingereza na Hong Kong. Kwa hiyo simu yake moja inavuka mipaka: anavunja amana ya kazi hapo alipo, na habari inakwenda kuchezewa mahali ambapo kanuni ni kali. Nairobi, uwanja wa Ngong, dau lipo pale pale uwanjani, hakuna hata haja ya simu.

Kwa maoni yangu dawa bora haikuwa adhabu, ilikuwa kuzitoa habari nje. Hong Kong wanatangaza uzito wa kila farasi, mazoezi aliyofanya, na matatizo aliyotibiwa na daktari wa mifugo. Uingereza mwaka 2018 walianza kutangaza farasi aliyefanyiwa operesheni ya njia ya pumzi kabla ya kukimbia mara ya kwanza tangu operesheni hiyo. Kabla ya hapo jambo hilo lilikuwa la mkufunzi na wenziwe, na farasi aliyekuwa akikoroma mwaka jana anarudi na pumzi mpya huku umma haujui. Habari ikishabandikwa ukutani si ya bandani tena.

Yakhe wa Mkoani:

Mimi niko na fungu la kwanza mpaka hapo. Kama farasi hakupewa dawa, hakubadilishwa, na amekimbia kwa nguvu zake, kosa liko wapi? Mcheza dau Barney Curley, Ireland mwaka 1975, alijua farasi wake Yellow Sam anaweza, umma haukujua. Akatawanya watu kwenye maduka ya dau nchi nzima waweke vidogo vidogo. Uwanja wa Bellewstown ulikuwa na simu moja, mtu wake akaishikilia akijifanya anazungumza habari za mgonjwa mahututi, maduka, ambayo yalikuwa yakilipa kwa odi ya uwanjani, yakashindwa kuwapigia watu wao kule waishushe. Farasi kashinda kwa 20 kwa 1, zaidi ya pauni 300,000, na maduka yalilipa. Hakushitakiwa. Huo si werevu?

Kigwe:

Yakhe, umesimulia nusu ya mwisho. Nusu ya mwanzo ni kwamba Yellow Sam alikimbizwa kabla kwenye mbio na ardhi zisizomfaa. Kwenye mbio za mizigo, farasi hupangiwa uzito wa kubeba kwa kadiri ya matokeo yake, ili mwenye nguvu na dhaifu walingane. Ukimkimbiza vibaya makusudi, anapangiwa mzigo mwepesi asioustahili. Siku ya siku anakimbia kwa nguvu zake kweli, lakini wapinzani wake wamebeba kilo ambazo zilikuwa zake. Aliyeibiwa pale si maduka tu, ni mwenye farasi aliyemaliza wa pili.

Hilo la simu silipingi. Duka la kubeti lililojenga biashara juu ya waya mmoja lina haki ya kulia peke yake.

Na kutoka hapo hadi kwenye uhuni mtupu si mbali. Brisbane, Australia, mwaka 1984 walimwingiza farasi mwenye uwezo mkubwa, Bold Personality, kwa jina la Fine Cotton aliyekuwa dhaifu. Rangi ya manyoya haikulingana, wakampaka, na miguuni wakamtia nyeupe. Odi ikaporomoka kutoka 33 kwa 1 hadi 7 kwa 2 kabla ya mbio. Farasi dhaifu hapati wateja namna ile bila ya sababu. Kashinda, watu uwanjani wakaanza kupiga kelele kuwa si yeye, matokeo yakafutwa. Odi inayoanguka bila habari yoyote ya wazi ndiyo kitu cha mwanzo ambacho wasimamizi wa mbio hutazama mpaka leo.

Mwanachuo wa Mkunazini:

Bismillahi. Fungu la tatu wamesema kweli katika asili, lakini wamekata mjadala mapema mno.

Dau la mtazamaji, yaani mimi na wewe tuko nje ya uwanja tunawekeana pesa farasi gani atatangulia, ni maysir, yaani kamari, na Suratul Maida aya ya 90 inatosha. Hapo hakuna tofauti ya aliyejua na asiyejua, na hakuna khilafu ya kushikilia.

Lakini mashindano yenyewe ni jambo jengine. Imepokewa kwa Abu Dawud na wengine kuwa hakuna dau la mashindano ila katika mshale, ngamia au mnyama wa kwato, kama farasi. Na katika Bukhari, Ibn Umar anasimulia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakimbiza farasi waliotayarishwa kutoka Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, huko Madina, na wasiotayarishwa kutoka Thaniya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Masafa ya kwanza yametajwa kuwa maili 5 au 6, ya pili maili moja. Tazama hapo: farasi aliyenenepeshwa kisha akapunguzwa na kutokwa jasho chini ya matandiko hakuchanganywa na yule wa kawaida. Kila daraja na masafa yake, mbele ya watu.

Zawadi inatoka kwa nani? Ikitolewa na mtu wa nje, kiongozi au tajiri au yeyote asiyeshindana, inafaa. Ikitolewa na mmoja wa washindani wawili, "ukinishinda chako, nikikushinda hunidai", inafaa. Wakitoa wote wawili na mshindi achukue zote, haifai kwa Mashafi mpaka aingie wa tatu asiyetoa kitu, muhallil, na farasi wake awe anaweza kushinda kweli. Mwanazuoni Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim hawakulikubali sharti la muhallil, na hadithi yake ina maneno katika isnadi, yaani silsila ya wapokezi, lakini hapa petu inasomeshwa Shafi.

Na hadithi hiyo ya muhallil ndiyo inayogusa suali lenyewe. Maana yake: anayemwingiza farasi baina ya farasi wawili hali hana hakika kuwa hatoshindwa, hiyo si kamari. Na anayemwingiza hali ana hakika kuwa hatoshindwa, hiyo ni kamari. Watu wamezoea kuwa kamari ni kutojua. Hapa kujua ndiko kulikoiharibu, kwa sababu mtu mwenye hakika hakuja kushindana, amekuja kuchukua. Mafakihi wa Shafi wakaweka sharti kuwa kila mmoja katika washindani awe na uwezekano wa kutangulia. Mwenye farasi akijua kuwa farasi wa mwenzake hana pumzi na kwa yakini atabaki nyuma, kisha akafunga naye mkataba wa zawadi, mkataba haukusihi tangu mwanzo.

Kijana wa banda ana hukumu mbili, zisichanganywe. Akiweka dau, kaingia kwenye maysir. Asipoweka, lakini akatoa siri ya kazi, hajasalimika: kapewa amana, na Suratul Anfal aya ya 27 inakataza kuhini amana. Hata asile shilingi. Na aliyempa farasi ndoo ya maji kaongeza la tatu, kamdhulumu mnyama.

Bi wa Kikwajuni:

Wanangu, mmezungumza Dubai na Ireland, lakini huku kwetu habari za bandani zinazouzwa ni za uongo mtupu, na wanaoliwa ni vijana wa skuli. Naeleza wanavyofanya.

Mwenye kundi la simu anajitia anamjua mtu ndani ya banda. Ana watu 800. Mbio ina farasi 8. Anawagawa mia mia, kila fungu analitumia farasi tofauti. Mbio ikiisha, watu 100 wameona kaagua kweli. Wale 700 anawaacha au anawaambia kulitokea hitilafu. Mbio ya pili anawagawa wale 100 mafungu 8 tena. Sasa kuna watu 12 au 13 ambao kwa macho yao wameona mara mbili mfululizo. Hao ndio anaowauzia "mbio ya tatu iliyopangwa" kwa bei ya juu, na watauza hata simu wamlipe. Hakuwa na habari yoyote tangu mwanzo hadi mwisho.

Mukitaka kumjua, mwambieni atoe farasi wake hadharani mbele ya kundi lote, saa moja kabla, jina moja, na ujumbe usifutwe. Mwenye habari za kweli haziuzi kwa elfu tano tano kwa watu 800, maana mkishaweka nyote odi imekwisha, kama alivyoonesha huyo wa hesabu juu.

La pili, zile mbio za farasi zinazooneshwa kwenye vioo vya maduka ya kubeti kila dakika chache ni za kompyuta. Mshindi anachaguliwa na mtambo wa nambari za nasibu, picha inachorwa baadaye. Hakuna ndoo, hakuna mguu wa moto, hakuna joki. Mtu anayekuuzia "siri" ya farasi wa kompyuta anakuuzia siri ya farasi ambaye hajazaliwa. Na kuangalia farasi gani "hajashinda muda mrefu" hakusaidii chochote, mtambo haukumbuki mbio iliyopita.

Mtu wa Chake:

Ahsanteni sana, nitayapeleka barazani kama yalivyo. Sasa lile la punda. Watu wanataka punda kumi au kumi na mbili, mshindi apate zawadi. Mtu mmoja kapendekeza kila mwenye punda atoe 20,000, mshindi achukue zote. Mwengine anasema wamiliki wanajuana, kila mtu anajua punda wa nani anashinda, ndio maana watu washaanza kuwekeana pembeni. Mnapangaje ikawa safi?

Mwanachuo wa Mkunazini:

Punda anaingia katika mashindano ya zawadi kwa kauli yenye nguvu ya Shafi, pamoja na nyumbu. Lakini hiyo 20,000 kila mmoja, mshindi kuzoa zote, ndiyo ile sura isiyofaa. Iacheni. Zawadi itoke kwa wafanyabiashara wa hapo au mtu yeyote asiye na punda kwenye mbio: gunia la mchele, baskeli, pesa, mtakavyo, na itajwe wazi kabla. Mukihitaji pesa za maji, kamba na turubai, changisheni, lakini mfuko huo uwe mbali, usiguse zawadi hata kwa shilingi. Masafa nayo yatajwe, pa kuanzia na pa kumalizia, si "mpaka kule kwenye mwembe".

Kigwe:

Upande wa wanyama. Punda asiwe chini ya miaka 4. Mtu anayejua meno atakwambia: meno ya mbele yote yakiwa ya kudumu, punda kafika kama miaka 5, kashapita huo umri. Mpanda pamoja na tandiko wasipite kilo 50, tafuteni mzani wa duka la karafuu, kila mtu apimwe mbele ya watu kabla na baada. Kilomita moja ya ardhi tambarare inatosha. Lami haifai, kwato zinateleza na wakianguka wanaanguka vibaya. Punda kumi na mbili pamoja ni wengi. Wakimbie wanne wanne mara tatu, wa kwanza wa kila kundi waende fainali baada ya kupumzika. Aliyetulia mapigo yake ya moyo ni 36 hadi 52 kwa dakika, na asiyekuwa amerudi karibu na hapo kabla ya fainali asikimbie.

Habari za ndani zitoeni nje siku moja kabla. Bao moja la kuandikia, kila punda: umri, mwenyewe, mpanda, ugonjwa au jeraha la mwezi huo, kazi anayofanya kila siku. Punda wa kubeba mchanga na punda wa kukaa wasiwekwe kundi moja, yafuateni yale madaraja ya Hafya na Thaniya. Mpigeni kila punda picha pande zote mbili, ule mstari wa msalaba mabegani na makovu yaonekane, ili asije akaletwa mwengine anayefanana naye. Picha zilinganishwe tena getini.

Tangu alfajiri ya siku yenyewe punda wote wakae zizi moja, mlangoni wakae watu wawili wasio na punda. Maji wapewe na hao hao, kidogo kidogo, yasimame saa moja kabla ya mbio. Punda haachwi na kiu kutwa nzima ati kwa kuogopa ujanja. Nafasi za kusimama getini zipangwe kwa kura, mtoto achomoe vikaratasi mbele ya watu. Fimbo marufuku.

Mwisho wa mbio simikeni nguzo mbili zinazotazamana, simu ya kurikodi iwe juu ya kigoda sambamba kabisa na nguzo hizo. Ikiwekwa pembeni hata kidogo, punda anaweza kuonekana katangulia wakati hakutangulia, na hapo ndipo resi nyingi huishia kwenye ngumi.

Ama wanaowekeana pembeni, hamuwezi kuwakamata wote. Muwezalo ni kuandika kanuni moja kabla: mwenye punda au mpanda akijulikana kaweka dau au kamwekea mtu, punda wake anatolewa na zawadi inakwenda kwa wa pili. Kila mmoja aweke sahihi siku ya kuandikisha, asiyetaka arudi na punda wake nyumbani siku hiyo hiyo.